Kofia Iliyoshuka Hadi Nyusi

Jumatatu, saa nne asubuhi, mwezi wa Februari 1971, gari jeusi lilisimama Kikwajuni mbele ya nyumba ya Mwanakheir binti Silima. Dereva alishuka akaliacha linanguruma. Jina lake Shaame, na mtaa ulimjua kwa sababu ya gari.

"Hodi! Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

"Sikai. Bwana anauliza kofia yake."

Kofia ilikuwa mapajani mwa Mwanakheir. Ilikuwa kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ya miezi mingi. Kilichobaki ni kuunganisha duara la juu na ukuta, kisha kuifua, kuitia wanga na kuikausha. Mwenyewe ni Bwana Masoud, mtu wa makamo aliyepita hamsini, mwenye cheo katika ofisi moja ya serikali. Uzi na kitambaa alileta yeye, wakati ambapo maduka ya mjini hayakuwa na hiki wala kile, na hata mchele ulipatikana kwa foleni.

"Mwambie bado kidogo."

"Hana bado kidogo. Anaitaka Jumamosi. Anaoa."

"Anaoa tena?"

Shaame akacheka. "Hiyo 'tena' ibakishe humu ndani, Bi Mwanakheir, usitoke nayo. Anamwoa mtoto wa Mkunazini, binti wa marehemu Makungu. Shemsa. Si alikuwa mwanafunzi wako huyo?"

Sindano ilisimama katikati ya kitundu.

"Washamjibu?"

"Ami yake wa Nungwi hajasema neno. Lakini nambie wewe, nani kashawahi kumkatalia bwana? Yeye keshanunua mbuzi."

Gari likaondoka. Mwanakheir aliitazama kofia kwa muda, kisha akaichomeka sindano na kuiweka chini.

Shemsa alijifunza kushona kofia katika ukumbi huo, juu ya mkeka huo. Yeye na Pandu, mtoto wa pekee wa Mwanakheir, walikuwa wakitakana, na jambo hilo halikuwa siri ndani ya nyumba. Posa ndiyo iliyochelewa, na aliyeichelewesha ni Mwanakheir mwenyewe. Alikuwa na sababu moja. Pandu alikuwa na kifafa.

Kilimwanza ukubwani. Mara nyingi kilimpata akiwa nyumbani, kikapita, akalala, akaamka, na ghalani alikokuwa akipima karafuu hakuna aliyejua. Ila mwaka uliotangulia alianguka karibu na jiko la mkaa, siku ambayo wanga ulikuwa ukichemka, na paji lake la uso likagusa makaa. Yaliacha kovu jekundu, lenye kukunjamana, lililoanzia juu ya nyusi ya kushoto na kupanda hadi kwenye nywele. Watu wa Unguja hulisoma upesi kovu la namna hiyo kwa mtu mzima. Hawaulizi umeungua vipi. Husema: huyu huanguka.

Mchana huohuo Mwanakheir alijitupia buibui akenda Mkunazini. Bi Time, mama yake Shemsa, alimpokea ghorofani, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazamana na madirisha ya msikiti wa mtaa. Uchochoro uliokuwa katikati ulikuwa mwembamba. Mtu aliyekaa pale juu aliweza kuona safu za mbele, mikeka, na viatu vya waliochelewa.

"Shoga, mimi nshakwisha," alisema Bi Time kabla ya kumpa mgeni maji. "Mtu keshanunua mbuzi kabla posa haijajibiwa. Nani wa kwenda kumwambia amrudishe sokoni?"

"Shemsa anasemaje?"

"Shemsa hasemi, anashona." Alinyoosha kidevu kuelekea pazia la chumba cha ndani. "Na siku akisema, jina ni moja tu. La mwanao."

Mwanakheir aliligeukia pazia.

"Sasa nisikilize. Shemeji yangu Machano anakuja Ijumaa kutoka Nungwi. Baba mtu keshakufa, kwa hiyo walii ni yeye. Bila ya kauli yake hakuna ndoa, si ya bwana si ya mwengine. Nilimpelekea salamu kwa watu wa gari la shamba. Kajibu kwamba akiwapo kijana mzima, mwenye dini yake, atamwona Ijumaa, na akimridhi ndoa itafungwa siku hiyohiyo. Mke wa mtu haposwi, Mwanakheir. Hata mwenye gari hawezi hilo."

"Na asipomridhi?"

"Basi Jumamosi mbuzi anachinjwa, na mimi sina la kusema."

"Anataka nini kwa kijana?"

"Hana makuu. Ila mtu wa kifafa hamtaki. Mkwewe wa kwanza alikuwa nacho. Alianguka majini akiwa na mtoto mkononi, wakatolewa wote wawili maiti. Tokea hapo akiletewa posa hilo ndilo la kwanza analouliza, hata jina hajalisikia." Bi Time alimtazama. Hakuwa amemwona Pandu tangu alipokuwa mtoto wa chuoni. "Mwanao mzima?"

"Mzima," alisema Mwanakheir.

Nyuma ya pazia mkasi ulianguka sakafuni. Hakutoka mtu.

Njia nzima ya kurudi Kikwajuni Mwanakheir aliifikiria kofia. Asingeweza kuponya maradhi kabla ya Ijumaa, wala kufuta kovu. Kushona aliweza. Wateja wake walikuja kutoka ng'ambo ya mji, hata kutoka Jang'ombe ambako washonaji hawakuwa haba, kwa sababu yeye aliutazama uso kabla ya kupima kichwa. Uso wa duara aliupa ukuta mrefu, unyooke. Uso mrefu aliupa ukuta mfupi, usije ukazidi. Mwenye taya pana hakumbania duara la juu, na mwenye kichogo alimwongezea nafasi nyuma. Watu walidhani ana mkono wa baraka. Alikuwa na macho tu, na alikuwa amekosea mara nyingi alipokuwa kijana.

Jumanne Pandu aliporudi kazini alimkalisha juu ya kiti karibu na dirisha na kumjaribishia kila kofia iliyokuwamo ndani.

Uso wa Pandu ulikuwa mrefu na mwembamba, mashavu yameingia. Kofia zake zote zilikuwa fupi, kama ilivyopasa, na zote ziliacha paji wazi. Kovu lilikaa pale kama muhuri. Kofia ya marehemu baba yake ilikuwa na ukuta mrefu zaidi, lakini haikushuka. Ilisimama juu ya kichwa, na uso ukazidi kurefuka.

"Nimekuwaje?" aliuliza Pandu.

"Umekuwa mchi."

"Basi tutwange." Alitaka kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha. "Mama, kwani tukimwambia ukweli huyo mzee?"

"Keshazika wawili kwa mara moja kwa maradhi hayohayo. Tulia."

Akaichukua kofia ya Bwana Masoud, akaifunga kwa nyuzi za kupitisha tu na kumvika. Kichwa cha Bwana Masoud kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupima, na uso wake ulikuwa sinia. Ndiyo maana ukuta wa kofia ile ulikuwa mrefu. Juu ya kichwa cha Pandu ilizama. Ilifunika paji lote ikatua juu ya nyusi. Na kwa kuwa kichwa kilizama ndani ya ukuta, urefu wa ukuta haukuonekana. Ulioonekana ni uso uliopunguzwa kwa juu, wa kiasi, wenye macho. Mashavu hayakuwa tena mashimo. Kovu halikuwapo.

Mwanakheir alirudi nyuma hadi mlangoni, akamtazama kwa mbali, akamtazama kwa upande. Tangu mwanawe aungue hakuwa amemwona hivyo.

"Hii kofia ya watu, mama."

"Ya mtu anayetaka kumchukua Shemsa."

"Akijua?"

"Atajua Jumamosi. Wewe shida yako Ijumaa."

Kofia ilikuwa pana mno kwa nyuma. Akigeuza kichwa, kofia ilibaki. Jumatano Mwanakheir aliipiga mkunjo kwa ndani, mkunjo ambao ungeweza kufumuliwa, ili kofia irudi kwa mwenyewe ikiwa salama. Siku nzima aliuhangaikia. Mkunjo ulijaa kisogoni kama jipu. Aliupeleka kulia, ukavuta viua vya kulia. Akaupeleka kushoto, ukavuta vya kushoto. Mtu yeyote aliyekaa nyuma ya Pandu angejua kwamba kofia ile haikushonewa kichwa kile.

Alhamisi asubuhi alishika mkasi. Aliukata ukuta kwa nyuma, akatoa kipande cha upana wa vidole viwili, akaunganisha viua kitundu kwa kitundu mpaka mshono ukapotea. Kipande alichokitoa alikiweka juu ya mkeka, akakitazama. Kisingerudi.

Ilibaki wanga. Muhogo sokoni haukuwapo, na mchele uliokuwamo ndani ulikuwa wa kula wao wawili mpaka foleni nyingine. Akaupika wote, akaupondaponda, akauchuja kwa kitambaa, na maji yake mazito akayanywesha kofia mara mbili badala ya moja. Alitaka iwe ngumu na ya kubana, ikishikwa na nyusi isitoke hapo. Kisha aliivika faruma, kigogo cha mti cha kuumbia kofia, akaiweka juani.

Ijumaa Pandu alioga, akavaa kanzu, akavalishwa. Mwanakheir aliivuta kofia kwa mikono miwili mpaka ikakaa.

"Inabana, mama."

"Ndiyo sifa yake. Tikisa kichwa."

Akatikisa. Haikusogea hata uzi.

"Inama."

Akainama kidogo, kama mtu anayesalimia mkubwa. Haikusogea.

"Usiiguse," alisema Mwanakheir. "Akikutazama, mtazame. Akikuuliza kazi, mwambie. Akikuuliza afya, sema alhamdulillahi."

Walifuatana hadi Mkunazini. Pandu alibaki chini, barazani, na Mwanakheir alipanda kwa Bi Time. Mzee Machano alikuwa amefika asubuhi na kapu la samaki, na alikuwa keshatangulia msikitini. Bi Time alisimama dirishani, akauona uso wa Pandu kutoka juu, akashusha pumzi.

"Mashaallah. Kijana wa watu. Na kofia hiyo! Umemfanya sultani, shoga, tutafungwa."

"Machano yupi?"

"Yule, mwenye kofia kuukuu, safu ya pili, karibu na nguzo. Kamwekea mwanao nafasi ubavuni kwake. Mwenyewe kasema, mtu akisimama na mwenzake katika sala humjua kuliko akila naye."

Mwanakheir alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Khutba ilikuwa bado. Watu walikuwa wakiingia mmojammoja, na kila aliyeingia alisali rakaa mbili za kuamkia msikiti kabla ya kukaa. Muuza samaki wa sokoni alisali. Alipokuwa anakwenda kusujudu alipeleka kidole gumba kwenye ukingo wa kofia, akaisukuma nyuma, akaweka paji chini. Fundi cherehani aliyekuwa nyuma yake akafanya vilevile. Mzee mmoja aliyevaa tarbushi aliivua kabisa na kuiweka pembeni. Kidole gumba, ukingo, paji chini. Mmoja baada ya mwengine, bila kufikiri, kama mtu anayekunja mkono wa kanzu kabla ya kula.

Mwanakheir alilijua jambo hilo tangu chuoni: paji la uso liguse chini wazi, lisizibwe na kitu, la sivyo sijda haikutimia. Hakulikumbuka kwa sababu kofia zote alizowahi kushona maishani ziliweza kusukumwa nyuma. Hii aliishona isisukumike.

Alisimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Time.

"Chini."

"Chini kufanya nini? Msikitini? Saa hii?"

Pandu alikuwa keshavua viatu. Mwanakheir alishika chuma cha dirisha. Kumwita angeweza, uchochoro ulikuwa mwembamba, sauti ingefika. Ingefika kwa wote. Pandu aliingia, akapita katikati ya watu, akasimama ubavuni mwa Mzee Machano, akapiga takbiri.

Alirukuu. Kofia haikusogea. Alikwenda chini kwa sijda ya kwanza, na Mwanakheir akaona mkono wake wa kulia unapanda, kidole gumba kinagusa ukingo, kinasukuma. Kofia haikukubali. Kilisukuma tena. Kisha mkono ukashuka, na Pandu akaweka chini kofia, na paji likiwa ndani yake. Akafanya hivyo kila sijda hadi akatoa salamu.

Mzee Machano alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Alimwinamia Pandu, akamwambia maneno machache sikioni.

"Anamwambia nini?" alinong'ona Bi Time. "Kampenda? Mbona umekuwa mweupe, shoga?"

Pandu hakuinuka mara moja. Angeweza kusema kwamba ana jeraha. Angeweza kutoka nje akarudi safu ya nyuma. Mwanakheir aliyaona yote hayo kwa niaba yake na kumwomba Mungu amfahamishe moja. Pandu aliinua mikono miwili, akaishika kofia pande zote mbili, akaivuta kwa nguvu mpaka ikatoka, akaiweka mbele yake juu ya mkeka. Akainuka, akazisali upya zile rakaa mbili, kichwa wazi.

Bi Time aliliona kovu. Alikaa chini polepole, mgongo ukutani, akajifunika uso kwa kanga.

Khutba ilisomwa, sala ikasaliwa. Mzee Machano alisali ubavuni mwa Pandu na hakumtazama tena. Baada ya salamu aliiokota kofia mwenyewe, akatoka nayo.

Walipanda ghorofani pamoja. Mzee Machano alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole vya fundi wa vyombo vya baharini, na kofia yake mwenyewe ilikuwa imefuliwa mara nyingi mpaka imelainika kama kitambaa cha kukamulia nazi. Alikaa mkekani, Pandu akakaa mbele yake. Hakuna aliyeleta chakula.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanakheir.

"Marahaba. Ndiye mama mtu?"

"Ndiye."

"Kovu hili la nini?"

Jibu alikuwa nalo tangu Jumatatu. "Wanga, mzee. Sisi kazi yetu kofia. Sufuria ya wanga ilimmwagikia."

"Sufuria haichagui paji ikaacha pua." Aliigeuza kofia mkononi, akapitisha ukucha juu ya mshono wa nyuma, akaupata. "Nnakuuliza wewe, kijana."

"Nilianguka motoni," alisema Pandu. "Nnaanguka, mzee. Nina kifafa."

"Yallah!" alisema Bi Time kutoka pembeni. "Mwanakheir! Ulinambia mzima! Umekunywa maji ya nyumba hii ukanambia mzima!"

"Nilikwambia."

"Basi toka! Toka na mwanao, na Mungu atakulipa wewe, mimi siwezi!"

"Time, nyamaza," alisema Mzee Machano. Aliiweka kofia mkekani. Sauti yake haikupanda. "Mimi nshamzika mtu wa maradhi haya, na mjukuu wangu kifuani kwake. Nawe ulijua nna neno hilo. Ndiyo ukashona hii."

"Ndiyo."

"Ili nisione."

"Ndiyo, mzee. Na kama ungeweza kutoona, ningekushonea nyingine ya Idi. Jumamosi wanamchukua. Kesho. Sina kitu kingine ninachokijua kufanya."

Pazia la chumba cha ndani lilisogea. Shemsa alitoka akapiga magoti karibu na mlango, kichwa amekifunika.

"Ami, nna neno."

"Sema."

"Mimi nnajua. Nimejua zamani. Siku aliyoungua nilikuwapo, nikishona. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye makaa." Alinyoosha mkono wa kulia. Ndani ya kiganja, chini ya vidole, ngozi ilikuwa nyororo na yenye kung'aa. "Nilimwambia mama nimeshika sufuria."

Bi Time aliutazama mkono wa bintiye kana kwamba ni wa mtu mwengine.

Chini uchochoroni watu wa msikitini walikuwa wakitawanyika, wakitaniana juu ya foleni ya sukari.

"Yule mkwe wangu," alisema Mzee Machano, "wazee wake walinificha. Mwanangu alikuwa hajui. Siku ile alimwacha achukue mtoto aingie naye majini, yeye akabaki pwani anapika, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Hakufa kwa kifafa yule. Alikufa kwa kufichwa." Akamgeukia Shemsa. "Wewe unajua, na ulikuwa karibu. Unamtaka?"

"Nnamtaka, Ami."

"Na wewe. Ulipoambiwa sijda haikutimia ungeweza kunidanganya."

"Nilifikiria," alisema Pandu.

"Najua ulifikiria. Ulikaa sana." Akanyanyua kofia ya viua, akajaribu kumvika Pandu kawaida, juu ya paji, haikukaa, ilitaka kushuka hadi nyusi au isikae kabisa. "Hii si yako. Ya nani?"

Mwanakheir ndiye aliyejibu.

"Ya Bwana Masoud. Ya harusi yake."

Mzee Machano alimtazama, kisha akaitazama kofia, na mabega yake yakatikisika mara moja. Kama kilikuwa kicheko, hakikufika mdomoni.

"Mtu haozeshwi kwa kofia ya mposaji mwenzake," alisema. Akavua yake, ile kuukuu, akamvika Pandu kwa mkono wake. Ilikuwa na ukuta mfupi, laini. Ilikaa juu kidogo, nyuma kidogo, ikaacha paji wazi na kovu lote nje. Uso ulikuwa wa kiasi. Kabla ya kuelewa kwamba kofia kutoka kichwa hiki kwenda kile ndiyo idhini, Mwanakheir aliona hilo kwanza: uso mrefu, ukuta mfupi. Alikuwa akilijua tangu Jumatatu.

"Baharini haingii," alisema Mzee Machano kwa Shemsa. "Jikoni hakai peke yake. Kazi nitamtafutia ya nchi kavu. Mnakwenda nami Nungwi leoleo, na gari la alasiri. Time, kamwite imamu kabla hajafika kwake. Na wewe uliyetaka kunificha, leta chakula, nna njaa."

Ndoa ilifungwa baada ya sala ya Alasiri katika msikiti uleule. Mashahidi walikuwa muuza samaki na fundi cherehani. Mwanakheir alisikia kauli ya kuozesha na kauli ya kukubali kutoka dirishani, kila moja mara moja, na zote mbili zilisikika wazi. Bi Time alikuwa kando yake. Hakumsemesha, ila alimpa nafasi dirishani. Gari la shamba liliondoka Darajani limejaa, Mzee Machano mbele, kichwa wazi. Pandu na Shemsa walikaa nyuma, na Shemsa akakaa upande wa ukingo.

Mwanakheir alirudi Kikwajuni na kofia kwapani. Aliilowesha, akaufumua mshono wa nyuma, akajaribu kukirudisha kile kipande. Viua vyake vilikuwa vimechanika ukingoni wakati wa kukata. Uzi haukuwa na pa kushika. Akaunganisha tena alipokuwa amepaunganisha, akaivika faruma kubwa. Haikuingia. Akaivika ndogo.

Jumamosi, saa nne asubuhi, gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba. Safari hii lilizimwa. Mwanakheir alifungua mlango kabla ya hodi, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Tayari?" aliuliza Shaame. Hakuwa akicheka.

"Tayari."

"Bwana mwenyewe yumo ndani. Ametoka Mkunazini sasa hivi. Anasema anataka kuijaribu hapahapa."

Kioo cha mlango wa nyuma kilishushwa. Mkono ulitoka, ukaipokea kofia, ukaingia nayo. Bwana Masoud aliigeuza, akaitazama ndani, akaitazama nyuma. Kisha aliiweka kichwani, akaivuta kwa mikono miwili. Haikushuka.